Jinsi ya kuingiza viwanja vya bei nafuu na mahitaji ya mtaa wenu kwenye bajeti ya halmashauri: mwongozo kamili kwa wakazi wa Mtwara na Lindi

Kila mwaka mitaa na vijiji vingi vya Kusini huomba mambo yaleyale: viwanja ambavyo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuvilipia, barabara ya kupitisha gari la wagonjwa, maji, zahanati, soko. Barua hupelekwa, hugongwa muhuri wa kupokelewa, kisha mwaka wa fedha unafunguliwa na hitaji halimo.

Barua peke yake haifiki kwenye bajeti. Kinachofika ni hoja iliyopita kwenye vikao vya kisheria, yenye muhtasari, eneo, gharama na taasisi ya kuitekeleza, na iliyofika kabla halmashauri haijagawa fedha ilizopangiwa. Mwongozo huu unafuata safari hiyo hatua kwa hatua. Nimetumia viwanja vya bei nafuu kama mfano mkuu kwa sababu ndilo ombi linalokwama zaidi, na kwa mwananchi wa kawaida nyumba huanzia hapo: ukishakuwa na kiwanja halali chenye barabara na maji, utajenga taratibu kwa uwezo wako.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari la mahudhurio, lenye safu ya jina, mahali mtu anapoishi, namba ya simu na sahihi.
- Daftari la mihtasari la mtaa au kijiji, linalotunzwa na mtendaji. Karatasi za kuokoteza hupotea.
- Karatasi kubwa ya manila na kalamu za rangi, kwa ajili ya ramani ya mtaa.
- Simu yenye programu ya ramani, ya kuchukulia alama za eneo.
- Kalenda ya vikao: mkutano wa mtaa au kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, kamati za halmashauri, baraza la madiwani. Mtendaji wa kata anaweza kuwapatia.
- Nakala ya bajeti ya halmashauri ya mwaka unaoendelea, hata kama ni kurasa za kata yenu tu.
- Mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, au mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji kama upo.

Vitu viwili vya mwisho ndivyo vinavyowashinda wengi. Mkizungushwa, andikeni ombi rasmi mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Andikeni kwa heshima, taja waraka mnaoutaka kwa jina lake, na bakini na nakala iliyogongwa muhuri.

## Hatua ya 1: Jua hitaji lenu ni la nani

Hapa maombi mengi hufa kabla hayajazaliwa. Mkurugenzi wa halmashauri hawezi kuweka kwenye bajeti yake kazi iliyo chini ya taasisi nyingine.

Barabara za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA. Maji ya mjini ni ya mamlaka ya maji, ambayo kwa Mtwara ni MTUWASA na kwa Lindi ni LUWASA; maji ya vijijini ni ya RUWASA. Umeme ni wa TANESCO. Halmashauri inabaki na upangaji wa ardhi, zahanati, shule za msingi na sekondari, masoko, na mikopo ya vikundi.

Kwa hiyo ombi la "viwanja, barabara na maji" ni maombi matatu kwa taasisi tatu. Yaandikeni mbalimbali, ila kila moja litaje mengine, ili mpima ardhi asipime viwanja mahali ambapo bomba halitafika kwa miaka mingi.

Mmefanikiwa kama: mna jedwali la mstari mmoja kwa kila hitaji, na mbele yake jina la taasisi na cheo cha mtu wa kumwona.

## Hatua ya 2: Hesabuni kaya, chora eneo

Wajumbe wa kamati ya mtaa wapite nyumba kwa nyumba. Waulize mambo machache: kaya ina watu wangapi, wamepanga au wana nyumba yao, wana karatasi gani ya umiliki, na wangeweza kulipa kiasi gani kwa kiwanja na katika miezi gani.

Swali la miezi lina uzito wa pekee huku kwetu. Familia nyingi za Tandahimba, Newala, Masasi au Ruangwa huiona fedha ya maana minada ya korosho inapofunguliwa, kuanzia Oktoba. Ratiba ya malipo inayodai kiasi sawa kila mwezi humwangusha mkulima ifikapo Aprili. Mkiwa na takwimu za kaya zenu mkononi, mtaweza kuomba awamu kubwa ya malipo iangukie kati ya Novemba na Januari. Ombi la namna hiyo, lenye ushahidi, ofisi ya ardhi inaweza kulifanyia kazi.

Kisha chora ramani kwenye manila: nyumba zilipo, njia za miguu, visima, mabonde yanayojaa maji wakati wa masika, mashamba ya mikorosho na wenye mashamba hayo. Waiteni wazee, kwa kuwa ndio wanaokumbuka maji yalikopita mwaka wa mvua kubwa.

Tahadhari: eneo lililo karibu na bahari lisiguswe kabla ya kuuliza. Sheria ya mazingira inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa mitaa ya Mikindani, Shangani au pwani ya Lindi na Kilwa, kosa hili linaweza kuangusha mpango mzima.

## Hatua ya 3: Ukimbieni msimu wa korosho

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Maandalizi ya bajeti ya mwaka unaofuata kwenye halmashauri hushika kasi miezi ya mwisho ya mwaka, na baraza la madiwani huijadili mwanzoni mwa mwaka mpya kabla haijapanda mkoani, TAMISEMI na bungeni.

Tatizo ni kwamba miezi ambayo kata inatakiwa kukusanya vipaumbele ndiyo miezi ambayo watu wako shambani wakiokota korosho. Mkutano unaitishwa, akidi (idadi ya watu inayotakiwa ili kikao kiwe halali) haitimii, mtendaji anaandika vipaumbele vya mwaka jana na kuvituma. Simlaumu sana mtendaji huyo, maana anadaiwa taarifa na tarehe imefika. Dawa ni kuwahi. Mkutano wa vipaumbele ufanyike Julai au Agosti, kabla korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, hivyo kuuomba Julai ni haki yenu. Mwoneni mwenyekiti mapema. Mkiwa vijana, nendeni na mtu mzima anayeheshimika na semeni wazi: "Mwenyekiti, shikamoo. Tunaomba mkutano wa Julai uwe na ajenda ya vipaumbele vya bajeti ya mwakani, na sisi tutasaidia kuita watu." Mwenyekiti aliyeahidiwa msaada wa kuita watu ni rahisi kukubali.

## Hatua ya 4: Mkutano mkuu na muhtasari wake

Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu. Wapangaji nao wamo, na mara nyingi hawaitwi kwa kudhaniwa kuwa ni wapita njia, ilhali wao ndio wanaohitaji viwanja kuliko wote. Tangazeni msikitini, kanisani, gengeni, kijiweni kwa bodaboda, na kwenye vyama vya msingi vya ushirika. Akina mama wapangiwe saa wanayoweza kufika. Kwa wengi ni alasiri, kazi za nyumbani zikishapungua.

Hakikisheni akidi imetimia kabla ya kufungua. Mkutano usio na akidi ni mazungumzo tu, na muhtasari wake unaweza kukataliwa kwenye kata.

Utaratibu wa serikali wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo unataka jamii ianze na fursa iliyo nazo, ndipo itaje vikwazo. Ufuateni. Semeni mna nini: eneo, nguvu kazi, mchanga, mawe, michango. Baada ya hapo taja kinachokosekana. Hoja yenye mchango wa wananchi hupewa uzito kwa sababu inapunguza gharama ya halmashauri.

Chagueni vipaumbele vitatu, visizidi. Orodha ya mambo 14 humwachia afisa mipango kazi ya kuwachagulia, naye atachagua lililo rahisi kwake. Pigeni kura kwa mikono au kwa kokoto, kisha hesabu iandikwe.

Uamuzi uandikwe namna hii:

*"Mkutano mkuu wa mtaa wa …, uliofanyika tarehe …, wenye wajumbe … waliohudhuria, umeazimia kuwa kipaumbele cha kwanza kwa mwaka wa fedha … ni kupangwa na kupimwa kwa eneo la … lenye ukubwa wa takribani ekari …, ili kupatikana viwanja vya makazi vya gharama nafuu kwa kaya … zisizo na makazi ya kudumu. Wananchi watachangia … Waliounga mkono …, waliopinga …"*

Kila nafasi ijazwe. Neno "takribani" libaki kwenye ekari tu. Kwenye idadi ya watu, wekeni namba kamili. Mwenyekiti na mtendaji wasaini, mhuri ugongwe siku hiyohiyo, na picha ya kila ukurasa ichukuliwe kwa simu.

Kwa walio vijijini: halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Hivyo ndivyo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyosema. Mkiambiwa kwamba eneo "lilishatolewa", ombeni muhtasari wa mkutano uliolitoa.

Mmefanikiwa kama: mna muhtasari uliosainiwa, orodha ya mahudhurio, na vipaumbele vitatu vyenye namba.

## Hatua ya 5: Geuzeni azimio kuwa andiko lenye hesabu

Hii ndiyo hatua ya kutumia muda mwingi kuliko zote. Halmashauri nyingi zingependa kupima viwanja. Zinachoogopa ni kuingiza fedha mahali ambapo haitarudi. Mkiwaonyesha kwamba itarudi, mmefika mbali.

Bei ya kiwanja cha halmashauri hutokana na fidia kwa mwenye shamba, mchoro wa mipango miji, upimaji na kuweka bikoni (alama za mipaka), kuchonga barabara, na gharama za kumilikisha. Jumla hugawanywa kwa idadi ya viwanja. Chukulieni mfano huu wa hesabu tu: eneo la ekari 20 lina mita za mraba 80,940. Toeni asilimia 40 kwa ajili ya barabara, shule, eneo la wazi na huduma nyingine, zinabaki kama 48,500. Mkipima viwanja vya mita za mraba 400 mnapata takribani 120. Mkipima vya 800 mnapata 60. Ikiwa gharama zote ni shilingi milioni 240, kiwanja cha kwanza kitauzwa milioni 2 na cha pili milioni 4, kabla hata mtu hajanunua tofali. Ukubwa wa kiwanja ndio unaoamua nani atanunua, na huamuliwa kwenye mchoro. Semeni mapema kwamba mnataka sehemu kubwa ya mchoro iwe viwanja vidogo. Mchoro ukishaidhinishwa, kuubadilisha ni safari nyingine.

Fidia ndiyo inayopandisha bei huku kwetu, kwa sababu mikorosho huhesabiwa. Mthamini huangalia ardhi yenyewe, mazao na majengo, pamoja na posho za usumbufu na usafiri. Shamba lenye mikorosho mikubwa inayozaa linaweza kugharimu zaidi ya vichaka vya jirani. Kwa hiyo tafuteni kwanza ardhi ambayo tayari ni ya halmashauri au ya kijiji, kisha vichaka, na mashamba yanayozaa yawe ya mwisho. Msimkosee mkulima riziki yake kwa ajili ya mradi wa kusaidia wanyonge; atapinga, na atakuwa na haki.

Kuna njia inayopunguza fedha taslimu: mwenye shamba kupewa sehemu ya viwanja vilivyopimwa badala ya fidia yote. Inafaa pale tu anapoielewa na kuikubali kwa hiari, kwa maandishi, familia yake ikiwepo. Makubaliano ya mdomo kati ya mwenyekiti na baba mwenye shamba, mama na watoto wakiwa hawajui, ndiyo yanayozaa kesi kwenye baraza la ardhi.

Na kama eneo lenu limeshajengwa bila mpango, ombi lenu ni urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa. Gharama yake hutegemea sana kama wakazi wako tayari kuachia hatua chache za viwanja vyao kupisha barabara. Pateni sahihi za kila nyumba kwenye njia hiyo kabla ya kwenda ofisini. Mtu mmoja akikataa katikati ya mtaa, mchoro mzima unasimama.

Andiko liwe kurasa mbili tu: hitaji na idadi ya kaya, eneo na ramani, makadirio ya gharama, chanzo cha fedha, mchango wa wananchi, na fedha itarudije. Kwenye chanzo cha fedha kuna njia kadhaa. Halmashauri ina mapato ya ndani, na huku sehemu yake kubwa hutokana na ushuru wa korosho. Zile zenye gesi, kama Kilwa na Mtwara, hupata pia ushuru wa huduma. Wizara ya Ardhi imewahi kukopesha halmashauri fedha bila riba kupitia mradi wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, ambapo mauzo ya viwanja ndiyo yanayorudisha mkopo. Kwa vitu vidogo kama kalavati au bati za zahanati, upo mfuko wa jimbo, ambao kamati yake huongozwa na mbunge.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: msiwatangazie madalali mipaka ya eneo kabla hamjazungumza na wenye mashamba. Habari ikivuja, watu wenye fedha watanunua kwa bei ya kutupa, na fidia itawalipa wao. Ya pili: msianze kujenga boma la zahanati au shule mkitumaini serikali "italimalizia". Anzeni pale tu mnapokuwa na eneo lililokubalika, ramani ya majengo iliyotolewa na mhandisi wa halmashauri, na ahadi iliyoandikwa kwenye bajeti. Kuta za matofali zilizoachwa wazi kwa misimu kadhaa ya mvua hubomoka, na kuwaomba wananchi mchango mara ya pili ni kazi nzito.

Mmefanikiwa kama: mpima ardhi au afisa mipango miji amelisoma andiko na kuweka maoni yake kwa kalamu. Maoni ya kukosoa ni faida. Yarekebisheni na mrudi kwake.

## Hatua ya 6: Pitisheni kwenye kata

Kamati ya maendeleo ya kata huongozwa na diwani, mtendaji wa kata ni katibu, na wenyeviti wa mitaa au vijiji ni wajumbe. Mwenyekiti wenu ndiye atakayesimama, basi mfanyeni aijue hoja. Kaeni naye jioni moja, apitie namba, aulizwe maswali magumu.

Wenyeviti wengine nao wana mahitaji yao, kwa hiyo zungumzeni nao kabla ya kikao. Viwanja vikipimwa mtaa mmoja, kaya za mtaa wa jirani nazo zinaweza kuomba. Liandikeni hilo, mtapata wa kuwaunga mkono.

Mmefanikiwa kama: muhtasari wa kata unataja mtaa wenu kwa jina na kipaumbele chenu kwa namba. Maneno kama "mitaa iliomba kuboreshewa huduma" hayatoshi.

## Hatua ya 7: Halmashauri

Pelekeni muhtasari wa kata, muhtasari wa mtaa na andiko kwa afisa mipango, nakala kwa ofisi ya ardhi na afisa maendeleo ya jamii. Muulizeni moja kwa moja: "Hitaji letu limeingizwa kwenye mfumo wa PlanRep?" Bajeti za halmashauri huandaliwa humo. Kisichoingizwa humo hakipo, hata kama kimesifiwa na kila mtu.

Halmashauri ikipata ukomo wa bajeti kutoka juu, kukata kunaanza, na mahitaji yasiyo na hesabu hukatwa kwanza. Siku hizo diwani wenu awe na kurasa zenu mbili mfukoni anapoingia kwenye kamati, hasa ya fedha na ile inayoshughulikia mipango miji. Diwani wa viti maalumu msimsahau. Ana kura na mara nyingi yuko karibu na vikundi vya akina mama.

Mkiambiwa fedha haitoshi, punguzeni badala ya kuondoka: mwaka wa kwanza mchoro na upimaji, mwaka wa pili barabara. Hoja iliyogawanywa kwa awamu ina nafasi kubwa ya kubaki.

Mkutano wa baraza la madiwani uko wazi kwa wananchi. Nendeni hata watu watano, mkae kwa utulivu, mwandike.

Mmefanikiwa kama: kuna mstari kwenye bajeti wenye jina la eneo, kazi, kiasi cha fedha na chanzo chake. Ombeni nakala ya ukurasa huo.

## Hatua ya 8: Fuatilieni fedha, robo kwa robo

Kupitishwa kwa bajeti ni ruhusa ya kutumia. Fedha yenyewe huja kadiri mapato yanavyokusanywa. Halmashauri inayotegemea korosho inaweza kuwa na kidogo Julai na zaidi baada ya minada. Kwa hiyo msipige kelele Agosti. Ulizeni kwa maandishi mwishoni mwa Desemba, na tena mwishoni mwa Machi.

Baraza hukutana kila robo mwaka na kupokea taarifa ya utekelezaji. Mpeni diwani swali moja fupi la kuuliza kila robo: kiasi gani kimetolewa kwa mstari wetu, na kazi imefika wapi?

Mpima akianza kazi, wajumbe wa mtaa wawepo bikoni zinapowekwa. Ugawaji ukikaribia, ombeni orodha ya waombaji ibandikwe kwenye ofisi ya kata, na mlinganishe na orodha ya kaya mliyoihesabu mwanzoni. Jina la mtu asiyejulikana na yeyote mtaani, likiwa na viwanja vitatu, liandikiwe pingamizi siku hiyohiyo kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya.

Juni ikifika na fedha haijatoka, mstari wenu hauhamii wenyewe mwaka unaofuata. Rudini kwenye mkutano wa Julai na muhtasari wa zamani mkononi, na azimio jipya liseme kwamba kazi hii ilishapitishwa na haikutekelezwa.